"Mbona sijisikii kuumwa, daktari?"

Wiki iliyopita mhadhiri mmoja aliingia kwenye zahanati yetu ya chuo akitaka dawa ya mafua. Nikamwomba akae kwanza: mgongo uegemee kiti, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee kwa dakika 5. Mashine ya presha ikasoma 172/104. Nikarudia: 168/102. Akanitazama. "Mbona sijisikii kuumwa, daktari?"

Swali hilo naulizwa na maprofesa, naulizwa na walinzi. Presha kwa kawaida haiumi. Inaweza kukaa juu ya 140/90 miaka na miaka ikichakaza mishipa ya ubongo, figo na macho, halafu dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Kazi ya chuo inatukalisha mno. Mtu anashushwa na bajaji mlangoni pa ofisi saa 2 asubuhi, anasahihisha mitihani, anaingia kikaoni, anainuka saa 10 jioni. Mwaka 1953 Jerry Morris, daktari mtafiti wa Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, walishikwa zaidi na maradhi ya moyo kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Naupenda utafiti huo kwa sababu makonda wale hawakuwa wanamichezo. Walikuwa kazini tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki; ukishuka getini ukaenda idarani kwa miguu, umeshaanza kuzitimiza.

Chai ya saa nne ndiyo inayoninyima raha. Vikombe 2 vyenye vijiko 3 vya sukari kila kimoja ni gramu 24 hivi, na shirika hilohilo linashauri sukari ya kuongezwa ikiwezekana ibaki chini ya gramu 25 kwa siku. Andazi bado hujalihesabu, wala soda ya mchana. Chumvi nayo isifike gramu 5, yaani pungufu ya kijiko cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa. Ndiyo maana natamani kile kichupa cha chumvi kinachopokezanwa mezani kabla supu haijaonjwa kiondoke kabisa.

Wanaoniumiza zaidi ni wanaoacha dawa. Mhasibu mmoja presha yake ilishuka hadi 128/80, akaniambia amepona, vidonge ameviweka kando. Ilishuka kwa sababu alikuwa anavimeza! Wiki 3 baadaye tukapima: 160/98. Siku hizi vidonge vyake vinakaa pembeni ya mswaki, na hajaruka siku.

Yule mhadhiri wa mafua anarudi Jumatatu tupime tena, kwani kipimo cha siku moja hakitoshi kumwandikia mtu ugonjwa wa kudumu. Nimemwomba aje na mwenzake wanayekaa naye ofisi moja.