Dawa ya jeneriki si dawa bandia

Dhana: Dawa iliyotengenezwa na asiye na hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi kutengeneza na kuuza alichovumbua, ni bandia.

Nchini Kenya dhana hii iliingia hadi kwenye sheria. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 ilieleza neno "bandia" kwa upana uliozihatarisha ARV za jeneriki, zilizokuwa tegemeo la wagonjwa wengi. Watu watatu wanaoishi na VVU wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vinatishia haki ya uhai, utu na afya.

Ukweli ni kwamba dawa bandia humdanganya mgonjwa kuhusu kilichomo au aliyeitengeneza. Jeneriki ina kiambato kilekile, na huuzwa kwa jina la mtengenezaji wake halisi. Pengine inavunja hataza ya mtu. Hayo ni madai baina ya wafanyabiashara, mgonjwa hayamhusu. Kuyachanganya mambo haya mawili ni hatari, na bado nayasikia yakichanganywa.

Dhana: Hataza ya Ulaya inatufunga na sisi.

Hataza huishia mpakani. Nchi ambayo haikutoa hataza, dawa hiyo iko huru humo.

Dhana: Mwenye hataza akikataa, serikali haina la kufanya.

Hataza hutolewa na dola, kwa kawaida kwa miaka 20, ili mvumbuzi afichue alichogundua na umma ufaidike. Dola inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kumruhusu mwingine atengeneze dawa hiyo, mwenye hataza akalipwa fidia bila ridhaa yake kuhitajika. Azimio la Doha la 2001, la nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, lilithibitisha hilo. Mwaka 2007 Rwanda ilikuwa ya kwanza kutumia njia ya kuagiza dawa kutoka nchi nyingine chini ya leseni ya namna hiyo: Kanada ilitoa leseni, na shehena ya kwanza ya dawa mseto za VVU ikatumwa 2008.

Dhana: Mkataba wa leseni ni siri ya kampuni mbili.

Medicines Patent Pool, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 2010 ili kupatana na wenye hataza wawaruhusu wengine kutengeneza jeneriki, huchapisha mikataba yake hadharani. Soma mkataba ukianzia orodha ya nchi ambako jeneriki hiyo inaruhusiwa kuuzwa. Nchi yenye hataza ikiachwa nje, wagonjwa wake hubaki na bei ya mwenye hataza, mpaka serikali yao ithubutu kutoa leseni ya lazima.