Pampu ya boila haichaguliwi kwa presha ya siku njema

"Boila yangu inafanya kazi kwa bar 7, kwa hiyo pampu ya bar 8 ya kuilisha maji inatosha." Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi, na ndiyo ya hatari kuliko zote. Bar ni kipimo cha presha, na bar 7 ni presha ya siku njema. Fikiria siku nyingine: valvu kuu ya mvuke imefungwa ghafla, moto bado unawaka, presha inapanda hadi valvu ya usalama inafunguka na kunguruma. Mvuke unatoka kwa wingi, na maji kwenye kioo cha kupimia yanashuka huku unayatazama. Pampu ya bar 8 itaendelea kuzunguka, mota itavuma kama kawaida, lakini tone haliingii, maana presha ya ndani imeizidi nguvu. Mabomba yakikauka huku moto unayalamba, chuma hulainika.

Ndiyo maana kanuni za boila za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, Sehemu ya I, zinataka kila njia ya kulisha maji iweze kuyaingiza kwa presha iliyozidi kwa asilimia 3 kiwango cha juu kabisa ambacho valvu yoyote ya usalama ya boila hiyo imewekwa kufunguka. Ikiwa imewekwa bar 10, maji yafike kwa bar 10.3, hata kama geji inasoma 7 mwaka mzima.

"Basi ninunue ya bar 10.3." Bado. Hiyo ni presha ya maji yanapoingia kwenye boila, si yanapotoka kwenye pampu. Njiani, tuseme valvu ya kudhibiti maji inakula bar 1, mabomba na valvu ya kuzuia maji kurudi yanakula 0.5, na kupanda mita 4 kunakula karibu 0.4. Tumefika 12.2, na ekonomaiza, yaani kifaa kinachopasha maji kwa joto la moshi kabla hayajaingia kwenye boila, hatujaigusa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Katalogi za pampu huandika mita, yaani kimo ambacho pampu inaweza kuyapandisha maji, si bar, na mtu huzidisha haraka haraka kwa 10.2 akapata mita 124. Hesabu hiyo ni ya maji baridi. Maji ya kulisha boila yaliyopashwa hadi nyuzijoto 105 yana uzito wa kilo 955 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila bar inahitaji karibu mita 10.7, na jibu ni mita 130. Aliyenunua ya 124 amepungukiwa na zaidi ya nusu bar, na hatajua mpaka valvu ingurume.

Usidanganywe pia na namba kubwa iliyoandikwa "Hmax". Hiyo ni presha ya pampu ikiwa imezibwa mdomo, haitoi maji. Fungua grafu ya pampu, tafuta kiasi cha maji unachohitaji, kisha soma mita zake hapo.

Wengine hukimbilia pampu kubwa kupita kiasi "kwa usalama". Ikiwa ni ya kuwaka na kuzima, inamwaga maji mengi kwa mkupuo, presha inayumba, na mvuke hubeba matone. Wenye kidhibiti cha kasi ya mota nao wakumbuke kwamba kasi ikishuka hadi asilimia 90, mita zinashuka hadi asilimia 81.

Dhana ya mwisho: pampu mbili ni njia mbili. Boila yenye eneo la kupashia maji joto linalozidi mita za mraba 47 hivi kwa kawaida hutakiwa kuwa na njia mbili za kulisha maji. Lakini kwa boila ya makaa au kuni zinazowaka kwenye wavu, njia moja isiweze kukatizwa na tatizo lile lile linalokatiza nyingine. Umeme ukikatika, pampu mbili za laini moja zinasimama pamoja, na makaa hayazimi kwa swichi. Hapo ndipo pampu inayoendeshwa na mvuke wa boila yenyewe, ambayo mafundi wengi huiona ya kizamani, inapohitajika.