Droni ni ya kusoma ardhi, si ya kumsaka kulungu

Kwa wanaowinda kulungu wa mkia mweupe Marekani, mimi napendekeza kurusha droni Februari au Machi, ipige picha za eneo lao ambazo programu huziunganisha kuwa ramani. Katika majimbo mengi msimu umeshafungwa, miti imepukutisha majani, na theluji nyembamba huonyesha mapito ya wanyama kama michirizi myeusi. Ruka asubuhi au alasiri. Jua likiwa chini, kivuli huonyesha vibonde ambavyo saa sita mchana havionekani kabisa.

Sheria kwanza. Airborne Hunting Act ya 1971, sheria ya shirikisho kuhusu uwindaji wa angani, inakataza kumpiga au kumsumbua mnyama kutoka angani, na droni imo. Adhabu ni faini hadi dola 5,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Majimbo nayo yana yao, na mengine ni makali zaidi: Colorado ilipiga marufuku kupeleleza wanyama kwa droni mwaka 2014. Soma kanuni za jimbo lako kila mwaka. Kwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha afanye mtihani wa usalama uitwao TRUST, ambao ni bure, na asajili droni ya gramu 250 au zaidi kwa dola 5, usajili wa miaka mitatu. Ukilipwa, unahitaji leseni ya Part 107, ya urushaji wa kibiashara. Hifadhi za taifa usiziguse, na shamba la mtu omba ruhusa kwanza.

Kosa linaloharibu kazi zaidi ni kimo. Kikomo ni takriban mita 120 juu ya ardhi iliyo chini ya droni, lakini namba unayoiona kwenye skrini kwa kawaida huhesabiwa kuanzia pale uliporushia. Rusha bondeni kwa mita 80, kilima mbele kiwe na mita 60: kileleni zimebaki 20, na mwaloni wa mita 25 unakusubiri. Rusha kileleni kwa mita 100 uvuke bonde lenye kina cha mita 60, tayari uko 160 na umevunja sheria. Hata usipogonga kitu, picha za kileleni hufunika eneo dogo, hazipandani vya kutosha, na ramani inatoboka matundu. Kwa hiyo gawanya eneo kwa miinuko, kila sehemu na safari yake. Picha zipandane asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile droni inachopandia inapojirudisha yenyewe uliporushia, kiwe mita 15 juu ya mti mrefu kuliko yote.

Baridi hula betri. Zitunze mfukoni, iache droni ielee dakika moja kabla ya kwenda mbali, igeuze chaji ikibaki asilimia 30.

Kamera ya joto iache nyumbani. Hiyo haisomi ardhi, inatafuta mnyama. Kulungu wakiinua vichwa, ondoka hapo hapo bila kushuka.

Kwenye ramani tafuta mahali mapito mawili yanapokutana karibu na maji au ukingo wa shamba, kisha nenda kwa miguu ukaangalie nyayo. Dungu lijenge upande ambao upepo unavuma kutoka kwenye mapito kuja kwako.