Tani ya iodini kwa kilo moja ya haidrojeni

Ukitaka kuyavunja maji kwa joto tupu, hata nyuzi 2,000 za Selsiasi hazitoshi: sehemu kubwa hubaki mvuke. Na kile kidogo kinachovunjika hutoka haidrojeni na oksijeni zikiwa pamoja, tayari kuungana tena. Ndiyo maana sisi tunaotafuta haidrojeni kwa joto tunayavunja kwa hatua za kikemia, kila gesi itoke mahali pake.

Mzunguko ninaoujua zaidi ni wa salfa na iodini, uliobuniwa na General Atomics ya Marekani miaka ya 1970. Maji, iodini na dioksidi ya salfa hukutana kwenye nyuzi 120 hivi na kuzaa asidi mbili. Ya salfa hupashwa hadi takriban nyuzi 850, ikatoa oksijeni na kuirudisha dioksidi. Ya iodini huvunjwa kwenye nyuzi 450 hivi, ikatoa haidrojeni na kuirudisha iodini. Kinachotumika ni maji na joto. Vingine vinazunguka tu.

Hiyo ni kwenye karatasi. Asidi hizo huzaliwa zimechanganyika, na ili zitengane huongezwa iodini na maji ya ziada mpaka zijigawe kama mafuta na maji: ya salfa juu, ile nzito, nyeusi kwa iodini, chini. General Atomics walipendekeza molekuli tisa za iodini mahali ambapo moja ingetosha. Piga hesabu: kilo moja ya haidrojeni inazungusha zaidi ya tani moja ya iodini! Yote ipashwe moto, isukumwe na pampu, na ikipoa chini ya nyuzi 114 inaanza kuganda bombani. Wengi huogopa zile nyuzi 850, lakini kule tuna kabidi ya silikoni, kauri inayostahimili joto na asidi. Kwangu mimi, ufanisi hufia kwenye iodini.

Januari 2019, JAEA, shirika la nishati ya atomiki la Japani, liliendesha mtambo wake wa majaribio wa mzunguko huu huko Oarai kwa saa 150, lita 30 za haidrojeni kwa saa. Hizo ni kama gramu 2.7, nishati ya wati-saa 90. Wapo wanaocheka. Mimi naangalia zile saa: siku sita za asidi ya moto ndani ya vifaa vya kiwandani, si vya kioo vya maabara.

Hapohapo Oarai kuna kinu cha nyuklia cha HTTR, kinachopozwa kwa gesi ya heliamu, kilichofikisha nyuzi 950 mwaka 2004, joto la kutosha kwa mzunguko huu. Hata hivyo, mpango ni kukiunganisha kwanza na mtambo wa kawaida unaotoa haidrojeni kwa methani na mvuke. Naafiki. Joto la heliamu likiyumba siku ya majaribio hayo, mhandisi atafute kosa kwenye kiungo cha kinu na kiwanda, asianze kushuku iodini iliyoganda.