Sasisho la Simu Usilolitaka: Lipi Uahirishe, Lipi Usichelewe

Mama mmoja muuza vitambaa alikuja kwenye dawati letu la msaada akiwa na hasira. Asubuhi alinunua bando la GB 2, akamwashia mwanawe hotspot amalizie kazi ya shule, na kabla ya adhuhuri bando likawa limekata. Tulipofungua simu ya kijana upande wa matumizi ya data tukakuta mlaji: sasisho la mfumo. Simu ile ilikuwa imewekwa ipakue masasisho ikipata Wi-Fi, nayo ikaihesabu hotspot ya mama yake kuwa Wi-Fi ya bure.

Malalamiko ya namna hii hatuyapuuzi. Hata wanaosema "apdeti imeniharibia simu" wana ushahidi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, na Samsung euro milioni 5, kwa masasisho yaliyozorotesha simu za wateja.

Ila masasisho hayafanani. Kuna toleo jipya la mfumo, kama kutoka Android 14 kwenda 15. Hilo ni kubwa, linabadili sura ya simu, linataka nafasi, na simu yenye kumbukumbu ndogo huweza kulemewa. Lisubirishe wiki tatu au nne, kasoro zake zionekane na kurekebishwa. Usikubali kuharakishwa.

Sasisho la usalama ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida ni dogo, na kazi yake ni kuziba tundu, yaani kasoro ambayo wahalifu wanaweza kupitia kuingia kwenye simu. Kiraka hicho, yaani sasisho lenyewe, kikishatoka, wahalifu nao hukichambua wajue tundu lilikuwa wapi, kisha huwawinda wanaobonyeza "Baadaye" kila siku. Septemba 2021 Apple ilitoa iOS 14.8 kuziba tundu lililoiwezesha programu ya kijasusi ya Pegasus kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Wengi wetu fedha zetu zimo humo humo kwenye simu. Sasisho la namna hii lipokee wiki ile ile, tafadhali.

Kwa hiyo usizime kila kitu, chukua usukani. Kwenye Android, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya sasisho la mfumo au la programu, uzime upakuaji wa kiotomatiki, kisha uwe unaangalia mwenyewe mara moja kwa wiki. Kwenye iPhone pita General, halafu Software Update. Na kama unategemea hotspot ya mtu, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye simu yako uuweke kuwa wenye kikomo cha data. Kijana yule tulimfanyia hivyo, ikachukua chini ya dakika moja.

Siku ukiamua kusasisha, hifadhi kwanza picha na namba zako mahali pengine, na chaji iwe ya kutosha. Kurudi nyuma ni kugumu: Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani baada ya muda mfupi, na kwenye Android, fundi akirudisha toleo la awali kwa kawaida hufuta kila kilichomo. Simu ikipata joto na kumaliza chaji haraka siku ya kwanza au ya pili, ipe muda. Bado inapanga mafaili yake.

Jambo moja halina mjadala. Sasisho la mfumo halitumwi kwa kiungo cha WhatsApp wala SMS. Mwaka 2021 watafiti waligundua programu ya Android iliyojiita "System Update", kumbe inasoma ujumbe wa watu na kurekodi mazungumzo yao. Kama umeshasakinisha kitu cha namna hiyo, zima data na Wi-Fi sasa hivi, tumia simu nyingine kuipigia benki yako na mtandao unaokuwekea pesa, kisha ndipo umpelekee fundi.