Nani Aliyemkatiza Mwenzake? Muda na Mdundo katika Kupokezana Zamu za Kuzungumza

Kitengo chetu cha usimamizi wa huduma kwa njia ya simu kimekuwa kikipokea malalamiko mengi zaidi ya aina mbili: kwamba mhudumu alimkatiza mpigaji kabla hajamaliza kueleza shida yake, au kwamba mhudumu alikaa kimya kana kwamba hasikilizi. Kwa kuwa mwongozo mpya wa mazungumzo ya simu umeanza kutumika, nao unaweka adhabu kwa mhudumu anayethibitika kumkatiza mwananchi, tumeona ni vyema kueleza jinsi mazungumzo yanavyojipanga kimuda, ili malalamiko yatakayoletwa yalenge makosa ya kweli. Maelezo haya ni ya elimu kwa umma. Hayabadili kipengele chochote cha mwongozo, wala hayatangulii uamuzi wa kamati juu ya shauri ambalo bado linashughulikiwa.

Malalamiko mengi yanajengwa juu ya dhana kwamba mtu mwenye adabu humsubiri mwenzake amalize, ndipo aanze kufikiri atakachojibu, kisha ajibu. Hakuna anayezungumza hivyo, hata wale wanaotuandikia kudai hivyo. Mwaka 1974 wachambuzi wa mazungumzo Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walionyesha kwamba kwa kawaida mtu mmoja huzungumza kwa wakati mmoja, na kwamba zamu nyingi hupokezwa bila pengo, au kwa pengo dogo sana, au kwa sauti mbili kugusana kidogo tu. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilipima muda wa kujibu maswali ya ndiyo au hapana katika lugha kumi za mabara matano. Wastani wa jumla ulikuwa takribani milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Wajapani walikuwa wepesi zaidi, kwa wastani wa milisekunde 7, na Wadenmark wazito zaidi, kwa milisekunde 469. Tofauti hiyo ya chini ya nusu sekunde ndiyo masikio yetu huigeuza kuwa sifa za watu, kwamba hawa wana haraka na wale ni wapole.

Sasa tuweke kipimo hicho kando ya kingine. Mtu anapoonyeshwa picha na kutakiwa aitaje kwa neno moja, huchukua takribani milisekunde 600 kabla sauti haijatoka, na sentensi nzima huhitaji muda mrefu zaidi, unaoweza kufika sekunde moja na nusu. Iwapo kutayarisha neno moja kunachukua muda mara tatu ya pengo lenyewe, basi anayejibu kwa wakati ameanza kutayarisha jibu lake wakati mwenzake angali anasema. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha jambo hilohilo: maandalizi ya jibu huanza mara tu msikilizaji anapopata habari inayomwezesha kujibu, hata kama swali liko katikati. Kwa hiyo mhudumu anayejibu papo hapo hajakosa kukusikiliza. Mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu asiyesikiliza hawezi kukisia utamalizia wapi.

Kukisia mwisho wa zamu hutegemea zaidi maneno na sarufi kuliko watu wanavyodhani. Katika jaribio la mwaka 2006 lililofanywa kwa Kiholanzi, wasikilizaji walibonyeza kitufe pale walipoona msemaji anakaribia kumaliza. Kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kilipofutwa na maneno yakaachwa, waliendelea kukisia vizuri. Maneno yalipofanywa yasisikike na kiimbo kikaachwa, usahihi wao uliporomoka. Katika Kiswahili tunaliona hili kila siku. Swali linaloanza kwa “je” mara nyingi hututayarisha mapema kwa ndiyo au hapana, ilhali katika “Fomu yako umeipeleka wapi?” neno linalobainisha kinachoulizwa huja mwisho kabisa. Anayeulizwa hajui kama ataulizwa wapi, lini au kwa nani mpaka silabi za mwisho, na kuchelewa kwake kidogo hakupaswi kumshangaza yeyote.

Kiimbo nacho kina kazi yake, hasa kinapodanganya. Mwaka 1982 Geoffrey Beattie na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya mahojiano ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ambaye alikuwa akikatizwa mara nyingi na waliomhoji. Waligundua kwamba sauti yake ilikuwa ikishuka haraka mahali ambapo hakuwa amekusudia kumaliza, na waliomsikia walidhani ametoa nafasi. Wapo wapigaji wengi wanaozungumza hivyo: hushusha sauti mwishoni mwa kila sentensi, hutua, kisha huendelea. Mhudumu akiingia penye mtuo huo, amefuata ishara aliyopewa.

Kuhusu mdundo, Margaret Wilson na Thomas Wilson walipendekeza mwaka 2005 kwamba ubongo wa msikilizaji hujifunga kwenye kasi ya silabi za msemaji, na hivyo wote wawili hubaki katika mapigo yanayolingana hata pale sauti inapokatika. Pendekezo hilo linaeleza vizuri tunayoyasikia kwenye rekodi. Watu wawili wanaozungumza kwa kasi zinazokaribiana hugongana mara chache; mmoja anapokwenda mbio na mwingine kwa utaratibu, yule wa mbio huona kila mtuo wa mwenzake kuwa mwisho, na yule wa utaratibu huona hapewi nafasi. Msaada wa haraka ni kwa mhudumu kuifuata kasi ya mpigaji, na mafunzo yetu yanamtaka afanye hivyo tangu salamu.

Nieleze mgongano mmoja unaojirudia. Mhudumu anauliza, “Umeshaijaza fomu, mama?” Mpigaji anajibu “ndiyo” juu ya neno “mama”. Kwenye rekodi sauti mbili zinasikika pamoja, na mtu asiyezoea atasema amekatiza. Lakini swali lilikuwa limekamilika penye “fomu”. Neno la heshima liliongezwa baada ya mahali ambapo zamu ingeweza kupokewa. Huo ni upokezano wa kawaida kabisa, na ulalamikiwe na upande wowote ule, hatuuhesabu kuwa kosa. Vilevile hatuhesabu “mm”, “enhe” na “naam” zinazotamkwa wakati mpigaji anasema. Viitikio hivyo havichukui zamu ya mtu. Mhudumu akiviacha, mpigaji huanza kuuliza, “Haloo, upo?”

Jambo linalosumbua zaidi ni ucheleweshaji wa laini. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yanasema kwamba ucheleweshaji wa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja hauathiri mazungumzo mengi, na kwamba kikomo cha kupanga mitandao kisizidi milisekunde 400. Chukua kikomo hicho. Unamaliza kusema, na sauti yako inamfikia mhudumu baada ya milisekunde 400. Anajibu upesi, kwa milisekunde 200. Jibu lake nalo linasafiri kwa milisekunde 400. Wewe umesikia sekunde nzima ya ukimya, ilhali yeye anajua amejibu bila kusita. Sekunde moja ndiyo Gail Jefferson, katika kazi yake ya mwaka 1989, aliiona kuwa ukomo wa kawaida wa ukimya ambao watu huuvumilia kabla hawajafanya jambo. Kwa hiyo unaongeza neno, jibu lake linatua juu ya neno hilo, wote wawili mnanyamaza, wote wawili mnasema “endelea”, na kila mmoja anaondoka na hakika kwamba mwenzake hana adabu. Simu inayopitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta huongeza takribani robo sekunde kwa upande mmoja hata mitambo ikiwa mizima.

Ukimya wenyewe husomwa vibaya kwa namna nyingine pia. Ni kweli kwamba majibu ya kukubali huja upesi kuliko ya kukataa. Utafiti wa Kobin Kendrick na Francisco Torreira wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba pengo likivuka takribani milisekunde 700, majibu yasiyotarajiwa, kama ya kukataa, huanza kuwa mengi kuliko yanayotarajiwa. Lakini barua zinazotufikia zikisema “alisita, kwa hiyo alikuwa anadanganya” hazina msingi wowote, na ninaomba jambo hili lieleweke mara moja. Mhudumu husita kwa sababu anafungua kumbukumbu, kwa sababu habari anayopaswa kutoa si nzuri, au kwa sababu laini imechelewa. Mpigaji naye huweza kusita kwa sababu ana kigugumizi, amepata kiharusi, hasikii vizuri, au anazungumza lugha aliyojifunza ukubwani. Kumdakia maneno mtu wa namna hiyo na kumalizia sentensi yake ni kosa, hata likifanywa kwa nia ya kumsaidia.

Ukatizaji wa kweli upo, na una madhara. Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, na mwaka 1984 walieleza kwamba kwa wastani daktari aliingilia maelezo ya kwanza ya mgonjwa baada ya sekunde 18, na wengi hawakupata tena nafasi ya kuyamaliza. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba walimu waliomngoja mwanafunzi kwa sekunde tatu badala ya moja walipata majibu marefu na yenye fikra zaidi. Kwa sababu hizo, mwongozo unamtaka mhudumu, baada ya kuuliza “Nikusaidie nini?”, asubiri sekunde tatu kamili kila mpigaji anapotua, hadi mpigaji mwenyewe aonyeshe amemaliza.

Lalamiko likipokelewa, rekodi husikilizwa na wakaguzi wawili, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshwa maoni ya mwenzake. Hupimwa muda kutoka sauti ya mwisho ya msemaji mmoja hadi sauti ya kwanza ya mwingine. Sauti zilizogongana huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa kuwa wa pili alianza kabla wa kwanza hajamaliza, na pumzi inayovutwa kabla ya kusema huandikwa peke yake, kwa sababu huonyesha nani alikuwa amejiandaa kuanza. Kisha huchunguzwa mambo matatu: iwapo mgongano ulitokea mahali ambapo zamu ingeweza kukamilika, nani alinyamaza, na iwapo aliyenyamazishwa alirudishiwa nafasi. Ucheleweshaji wa laini hupatikana kwenye kumbukumbu za mtambo na huondolewa katika hesabu. Wakaguzi wakitofautiana, rekodi hupelekwa kwa mkaguzi wa tatu, ambaye uamuzi wake huingizwa kwenye jalada pamoja na sababu zake.

Mhudumu aliyethibitika kuingia katikati ya sentensi isiyokamilika na kutomrudishia mpigaji nafasi hupewa onyo la maandishi na kurudishwa mafunzoni. Akirudia, huondolewa kwenye laini hadi apimwe upya. Na ikiwa ukatizaji uliambatana na kejeli au matusi, shauri huhamishiwa kwenye utaratibu wa nidhamu bila kupitia hatua ya onyo. Mpigaji anayemzuia mhudumu kusema kwa kelele za makusudi huonywa mara mbili kabla simu haijakatwa, na onyo hilo sharti lisikike kwenye rekodi.

Anayeleta lalamiko ataje tarehe, saa na namba aliyotumia kupiga, na aeleze alikuwa anasema nini pale alipokatizwa, kwa kuwa “alinikatiza sana” haitoshi kupata mahali penyewe kwenye rekodi. Aeleze pia kama alitumia kipaza sauti au simu ya intaneti. Mwenye kigugumizi au hali nyingine inayobadili mwendo wa usemi wake anaweza kuomba alama iwekwe kwenye namba yake. Halazimiki kueleza ugonjwa wala kuleta cheti, na kila mhudumu atakayepokea simu yake ataiona alama hiyo kabla ya kusema neno la kwanza.