Mtoto Yuko Iowa, Kwetu Kaandikwa Ameacha Shule

"Baba, mwana anasoma! Kila asubuhi anapanda basi la shule." Mama huyo, Mkongo, alinipigia akiwa jimbo la Iowa walikohamia, kwa hasira, na alikuwa na haki. Kazi yangu ni takwimu za wilaya moja ya shule za umma hapa Marekani, na kwenye orodha yangu mwanawe alikuwa mtoro wa moja kwa moja.

Sisi tuliosoma Tanzania tumezoea asilimia ya ufaulu: waliofaulu kidato cha nne kwa waliofanya mtihani. Aliyeishia kidato cha pili hamo kabisa. Huku asilimia ya wahitimu inahesabiwa kuanzia mlangoni. Unachukua wote walioingia gredi ya 9, mwaka wa kwanza wa high school ya miaka minne, kwa mara ya kwanza, unaongeza waliohamia kundi hilo baadaye, unatoa waliohama, waliotoka nchini na waliofariki. Hicho ndicho kigawanyo. Juu yake unaweka waliopata diploma ya kawaida ndani ya miaka minne. Mwenye cheti cha GED, yaani cha mtihani mbadala wa diploma, hahesabiwi mhitimu, hata kama kakipata mwezi uleule.

Kanuni hii iliagizwa na serikali kuu mwaka 2008, na takwimu zake zikaanza kutoka kwa mwaka wa masomo 2010–11, kitaifa asilimia 79. Mwaka 2021–22 ilifika 87.

Sasa shika kalamu. Walianza 200, wakaja 20, wakaondoka 20, wakahitimu 170: asilimia 85. Lakini kumtoa aliyehama kunahitaji ushahidi wa maandishi kwamba kaandikishwa kwingine. Kumi kati ya hao walioondoka wakikosa karatasi, kigawanyo kinakuwa 210, na shule ileile, walimu walewale, inashuka hadi 81. Ndiyo maana nasema karani wa masjala anaweza kuipandisha shule kuliko semina kumi za walimu. Wakubwa hawapendi kusikia hivyo.

Linaloniuma zaidi ni kijana anayefika kutoka kambi ya wakimbizi akiwa na miaka 17. Akiwekwa gredi ya 11 kwa sababu ya umri tu, anaingia kundi lenye miaka miwili iliyobaki, mfukoni hana krediti, yaani alama ya somo lililokamilika, hata moja. Akimaliza mwaka mmoja baadaye, kwa jasho lake, kwenye hesabu ya miaka minne hahesabiwi mhitimu. Sheria ya elimu ya serikali kuu ya mwaka 2015 inaruhusu majimbo kutoa pia hesabu ya miaka mitano au zaidi. Mimi naisoma hiyo kwanza. Ila shule ambayo thuluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu huingizwa kwenye orodha ya kusimamiwa, kwa hiyo macho yote yako kwenye ile minne.

Nilimwomba mama jina la shule ya Iowa. Karani wetu akawaandikia barua pepe. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, mstari mmoja: yupo, gredi ya 11. Nikamtoa kwenye kigawanyo, nikampigia mama.